Mtungi wa gesi ya AC hauna lebo, bei nusu. Niutumie? Na gesi ya zamani kwenye gari mnaipeleka wapi?

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kijiwe changu kiko Mwanga hapa Kigoma mjini. Zamani mteja akija na shida ya AC nilikuwa namwelekeza kwa wengine. Mwaka huu nimeona riziki inanipita hivihivi, nikanunua geji za AC na pampu ya vakyumu (ya kunyonya hewa yote ndani ya mfumo). Mizani bado. Najaza kwa kuangalia geji na kile kioo kidogo cha kwenye draya (chujio la kunyonya unyevu).

Kuna mambo matatu yananisumbua.

La kwanza, kuna jamaa anayeleta spea kwa njia ya ziwa. Kaniletea mtungi wa gesi, rangi ya bluu mpauko, saizi ileile ya kilo 13.6, lebo imechunwa yote. Anasema ni 134 safi (R-134a, gesi ya kawaida ya AC za magari), bei nusu ya dukani. Nikimuuliza lebo imeenda wapi, ananijibu ilipata maji kwenye boti.

La pili, nina Noah ya mteja hapa, AC ya mbele na nyuma, inapuliza upepo wa uvuguvugu. Ndani kuna gesi kidogo bado. Mafundi wengi ninaowajua gari likija hivi wanafungua valvu, psssss, inaisha, wanavuta vakyumu na kujaza upya. Mwenye Noah ni mtumishi, kaniuliza kwa upole tu: "Fundi, hii gesi ya zamani unaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Video za Wamarekani naona wana mashine na cheti kabisa.

La tatu, pampu yangu. Kila video wanasema mshale wa geji ya bluu ushuke mpaka inchi 29 au 30 za vakyumu. Wa kwangu unagota 27 hivi na haushuki tena hata niiache saa nzima. Nimebadilisha oili ya pampu, nimebadilisha hosi. Nimeuziwa pampu bovu?

Mwenye gari anakwenda Kasulu mara kwa mara na analitaka Ijumaa. Naomba mwongozo, matusi mniwekee akiba siku nyingine.

Dereva wa Njia ya Manyovu

Mkuu mbona unajitesa. Probox yangu niliwekewa gesi ya jikoni, ile ile ya mtungi wa kupikia. Inapiga baridi mpaka abiria wananiomba nipunguze. Weka huo mtungi maisha yaende.

Geji Mbili (Tabora)

Mdogo wangu wa Mwanga, salama? Mimi niko Tabora, Isevya. Kazi ya AC nilianza kuishika magari ya R-12, gesi iliyotangulia 134, yakiwa bado yanatembea, kwa hiyo nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite.

Nianze na dereva wetu maana huyu anaweza kumponza mtu. Ndugu yangu, baridi utaipata, sikukatalii. Gesi ya jikoni ni propeni na byuteni, na propeni yenyewe ni kipoza kizuri, ina hata namba yake, R-290. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia ndugu yake, R-600a. Lakini friji ile ina gramu chache, na imetengenezwa kwa kujua kwamba ndani mna kitu kinachowaka. Probox yako haikutengenezwa hivyo. Evapoleta, ile sehemu inayopoza hewa, imekaa nyuma ya dashibodi, ndani mnamokaa nyie. Ikitoboka, gesi haitoki nje, inashuka miguuni mwa abiria kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Propeni ikifika asilimia 2 hivi ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Piga hesabu ya gari dogo lililofungwa vioo: gramu mia na kidogo tu zinafikisha hapo. Cheche nayo unayo, mota ya feni iko palepale. Na ukigongwa mbele, kondensa, ile ya kutoa joto nje, ndiyo inayopasuka kwanza, injini ikiwa ya moto.

Halafu kuna mwenzio anayekuja baada yako. Fundi wa kesho atafunga geji zake akijua anakuta 134, ana jiko la mkaa la mama ntilie mita mbili pembeni. Kama huwezi kuitoa leo, basi walau andika kwenye boneti kwa herufi kubwa ni nini kimo humo.

Sasa mtungi wa boti. Jibu langu fupi: mrudishie, usiufungue.

Jibu refu ni hili. Gesi ya bandia ipo duniani na imeshaua watu. Mwaka 2011 makontena ya baridi, yale ya kusafirishia nyama na samaki, yalilipuka kwa mafundi waliokuwa wanayahudumia. Walikufa watatu, Vietnam na Brazil. Kilichokutwa ni kwamba 134 waliyojaziwa ilichanganywa na R-40, kloridi ya methili. R-40 ni rahisi kutengeneza, presha yake haiko mbali na ya 134, kwa hiyo mjanja anaona faida. Shida ni kwamba R-40 ikikutana na alumini inazaa kemikali nyingine inayojiwasha yenyewe ikigusa hewa tu, haihitaji kiberiti. Sasa fungua boneti ya hiyo Noah uniambie: kondensa ni nini? Alumini. Mwili wa kompresa? Alumini. Mabomba? Alumini. Na geji nyingi za bei ya chini, zile mlizonunua nyote, mwili wake ni alumini pia. Ndiyo maana nasema usiufungue.

Rangi isikudanganye. Ile bluu ya angani ilikuwa ya 134 kwa mazoea ya watengenezaji, na rangi kila duka inauzwa. Mtungi halali una jina la gesi, una namba ya kimataifa ya kutambulisha kemikali, UN 3159, ambayo ndiyo ya 134, una jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Hata hivyo lebo nayo inachapishwa steshenari yoyote, kwa hiyo lebo peke yake hainishawishi. Nataka na risiti ya duka ambalo naweza kulirudia kesho. Jamaa wa boti ukimtafuta kesho yuko Kalemie.

Nikujibu na la pampu, maana naona umeshatumia hela kwenye hosi bure. Pampu yako ni nzima.

Geji ile inapima kwa kulinganisha na hewa iliyokuzunguka. Hiyo 29.9 ni ya mtu aliyekaa usawa wa bahari, fundi wa Tanga au Dar. Kila ukipanda mita 300 hivi unapoteza kama inchi moja. Ziwa Tanganyika lenyewe uso wake uko mita 773 juu ya bahari, na Mwanga mko juu ya ziwa. Kwa hiyo 27 ndiyo yote uliyonayo hapo Kigoma, zaidi ya hapo hakuna hewa ya kutoa. Huku kwetu Tabora ni kama mita 1,200, geji zangu zinasimama 26 na magari yanapoa vizuri tu. Nimeona vijana hapa wanauza pampu nzima kwa bei ya kutupa kwa sababu ya video iliyorekodiwa kando ya bahari.

Kipimo cha kweli si namba, ni mshale kutulia. Acha pampu ifanye kazi nusu saa kwa gari dogo. Hiyo Noah yenye mabomba mpaka nyuma mpe dakika 45 au zaidi, hasa msimu wa mvua, kama mfumo ulikaa wazi. Funga valvu zote mbili, kisha ndiyo uzime pampu. Kunywa chai. Mshale ukirudi nyuma kuna mahali panavuja au kuna maji bado yanachemka ndani. Ukiwa na uwezo baadaye nunua geji ya mikroni, ile haidanganywi na mwinuko. Lenga chini ya 500.

La gesi ya zamani nakuachia nipumue, mteja kanipigia honi hapa nje.

Mbishi wa Gungu

Mzee umeandika vizuri lakini hapa kwenye gesi ya zamani mtatuletea hadithi za ozoni. Viwanda vya Wazungu vinatoa moshi usiku na mchana, sisi gramu 500 za Kigoma ndiyo zitatoboa anga? Achieni gesi iende zake.

Mwalimu wa Viyoyozi

Nafundisha mambo ya majokofu na viyoyozi, naomba nichangie upande wa sheria kidogo.

Kaka Mbishi, ozoni umeichanganya. R-134a haina klorini, haigusi ozoni. Iliyokuwa inakula ozoni ni R-12, na hiyo ndiyo iliyoleta Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Tanzania tuliingia 1993. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuwa zimeacha R-12 na jamii yake ifikapo tarehe 1 Januari 2010, kwa hiyo leo mtu akikuuzia R-12 "mpya", ama si R-12 ama imeingia kwa mlango wa nyuma. R-22 ya viyoyozi vya nyumbani nayo iko njiani kuondoka. Kuna mafundi wanaiweka kwenye magari. Presha yake ni kubwa mno kwa mfumo wa gari, msifanye.

Shida ya R-134a ni joto. Kilo moja ikitoka hewani inazuia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mwezi Oktoba 2016 nchi zilikutana Kigali, jirani zenu hapo, zikaiongeza gesi hii na wenzake kwenye itifaki ileile. Kundi kubwa la nchi zinazoendelea lilipangiwa kusimamisha ongezeko kuanzia 2024 na kupunguza kwa hatua mpaka asilimia 80 iwe imeondolewa ifikapo 2045. Tafsiri ya dukani: 134 haitapotea kesho, lakini itazidi kuwa adimu, na gesi ikiwa adimu ndipo mitungi isiyo na lebo inapozaliana.

Kwa hapa nyumbani, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo mama. Mwaka 2007 zilitungwa Kanuni za kudhibiti kemikali zinazoharibu ozoni, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wasimamizi wa utekelezaji. Itifaki yenyewe inazitaka nchi ziwe na mfumo wa vibali vya kuingiza na kutoa gesi hizi. Mtungi uliovushwa ziwa kimyakimya hauna hicho kibali, na ukikutwa nao kwenye gereji yako, wa kujieleza ni wewe.

Wamarekani unaowaona kwenye video ni sheria yao ya hewa safi, kifungu cha 609: fundi anayelipwa kuhudumia AC ya gari lazima awe na cheti na mashine iliyoidhinishwa, na kwa kifungu cha 608 kuiachia gesi makusudi ni kosa. Hiyo ni sheria yao, usije ukamnukulia mtu hapa Kigoma kifungu cha Marekani. Lakini namna ya kufanya kazi ni nzuri kuiga. Ulizia VETA hapo Kigoma kuhusu mafunzo ya majokofu na viyoyozi, na ofisi ya kanda ya NEMC wakueleze utaratibu unaotumika sasa.

Geji Mbili (Tabora)

Ahsante mwalimu, umenipunguzia kazi.

Mbishi, chukua hizo gramu zako 500. Zidisha na 1,430 ya mwalimu, unapata kilo 715. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3. Kwa hiyo kufungua valvu kwa dakika mbili ni sawa na kuchoma lita 310. Noah ikienda kilomita 10 kwa lita, umekwenda Dar na kurudi Kigoma na mafuta yamebaki. Viwanda vya Wazungu sina mamlaka navyo. Valvu iko mkononi mwangu.

Ukiacha anga, kuna pua yako. Gesi hii haina harufu ya kukuonya na ni nzito, inatuama kwenye shimo la gereji. Mtu akiwa chini ya gari anabadilisha oili, mwenzake juu anaachia gesi, yule wa chini anaishiwa hewa bila kujua. Na ikipita kwenye moto, iwe jiko, iwe welda, iwe sigara ya fundi mwenyewe, inageuka asidi ya hewa inayochoma mapafu. Ukisikia ukali wa ghafla puani karibu na moto, toka nje kwanza, maswali baadaye. Macho pia: 134 inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, tone likiruka jichoni linaligandisha. Miwani na glavu, hata kama wateja wanakucheka.

Mdogo wangu, sasa utainyonyaje bila mashine?

Njia iliyonyooka ni mashine ya kunyonyea gesi. Bei inauma kwa mtu mmoja, ila sioni kwa nini gereji tatu au nne za Mwanga na Gungu msichangie moja. Sisi huku mashine moja inazunguka, na daftari lake linakaa kwa mwenye zamu.

Kama leo huna, kuna njia ya kizamani ya baridi. Haiitoi yote, lakini sehemu kubwa inatoka. Tafuta mtungi halisi wa kunyonyea, ule wa kijivu wenye mabega ya njano na midomo miwili. SI ule wa kutupwa wa kilo 13.6! Ule umetengenezwa kujazwa mara moja tu kiwandani, kuujaza tena ni kutengeneza bomu. Vuta vakyumu kwenye mtungi wa kunyonyea ukiwa mtupu. Utumbukize kwenye beseni la barafu. Wewe uko Kigoma, barafu ya samaki pale Kibirizi haikosekani. Washa gari injini ipate joto, zima, unganisha hosi. Gesi inakimbia kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi yenyewe. Itaendelea mpaka geji zikae karibu na psi 30, hapo ndipo presha ya 134 inapokuwa kwenye barafu. Gesi yote iliyo katika hali ya maji itakuwa imehamia kwenye mtungi, kwenye mabomba inabaki mvuke kidogo.

Mtungi usizidi asilimia 80 ya ujazo wake. Gesi ya maji inavimba ikipata joto, na ikikosa nafasi inapasua chuma. Utajuaje asilimia 80 bila mizani? Hujui. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote nunua mizani. Hiyo kazi ya kuangalia kioo na geji ndiyo inayoua kompresa za watu. Stika iko chini ya boneti, inakwambia gesi gani na gramu ngapi. Gari dogo nyingi ni kati ya 400 na 600, lenye AC ya nyuma linapita 800. Unajaza kilichoandikwa, unafunga. Kioo kinaweza kuwa safi na gari limezidishiwa.

Wakati wa kujaza injini ikiwa imewashwa, valvu nyekundu ifungwe kabisa, unalisha upande wa bluu tu, mtungi ukiwa wima. Ukikosea ukafungua nyekundu, kompresa inasukuma presha yake yote kwenye mtungi wako. Na ukiona gesi inasita, usiuweke mtungi kwenye maji ya moto wala juani juu ya bati kama wanavyofanya wengine. Maji ya vuguvugu ya kuogeshea mtoto yanatosha.

Jambo moja tu zaidi kabla sijasahau. Kutafuta leki tumia naitrojeni yenye regyuleta. Najua Kigoma kuipata ni mtihani. Usidanganyike ukaazima oksijeni kwa mchomeleaji. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka, hakuna kujadiliana. Ukikosa naitrojeni tumia povu la sabuni kwenye gesi iliyopo kabla hujainyonya. Kwa leki kubwa inatosha.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Wakuu nimesoma yote, Mungu awabariki. La pampu limeniondolea mzigo, nilishataka kumfuata muuzaji kwa shari.

Mzee Geji Mbili, jamaa wa boti nilimwita aje auchukue mtungi wake. Akaanza kunikejeli mbele ya watu, eti mimi ni mwoga, kwanza ataupima mwenyewe mbele yangu. Ana geji zake za zamani, nzito, za brasi. Mtungi ulikuwa umelala kivulini usiku kucha. Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi 25, geji yake ikasoma psi 118. Akasema "umeona, presha ipo, mali safi." Mimi sikuelewa hiyo 118 ni nzuri au mbaya, ila nikamwambia abebe. Hajabeba bado, kaniachia hapa hapa.

Geji Mbili (Tabora)

118 kwa nyuzi 25? Hiyo si 134.

Kila gesi safi ikiwa imetulia kwenye mtungi, joto likijulikana presha inajulikana. 134 kwenye nyuzi 25 inasoma 82 hivi. Kwa mwinuko wenu ongeza moja au mbili. R-22 ingesoma karibu 137. Propeni tupu karibu 123. Ya kwako imekaa katikati, kwa hiyo ni mchanganyiko wa kitu, au ni gesi yenye hewa ndani. Mchanganyiko gani, geji haiwezi kusema.

Na vijana mnaosoma hapa msije mkaondoka na kipimo hiki mkadhani kinathibitisha. Kinakataa tu. R-12 kwenye nyuzi 25 inasoma 80, huwezi kuitofautisha na 134. Mjanja akichanganya propeni na byuteni kwa vipimo vyake anaipata 82 bila shida. Ukisoma 82 bado hujui. Ukisoma 118 unajua.

Mtungi usiufungue kuutoa hewani kuona kama unawaka. Najua kuna mtu ataleta kiberiti. Uandike kwa rangi HAIJULIKANI, uusimamishe nje kivulini, mbali na moto na mbali na mahali watoto wanachezea. Mwambie mwenyewe mbele ya shahidi aje nao, akikataa wapigie NEMC uwaulize wakupe utaratibu. Usikubali akuache na ushahidi.

Dereva wa Njia ya Manyovu

Mzee na hii yangu ya jikoni naitoaje sasa? Kwa kweli sikujua kwamba evapoleta iko ndani tunamokaa.

Geji Mbili (Tabora)

Si kwenye mashine ya kunyonyea 134, utaiharibu gesi ya wengine wote. Nenda kwa fundi, mwambie ukweli kabla hajafunga geji. Inatolewa nje uwanjani, polepole kwa hosi ndefu, betri imefunguliwa, hakuna moto wala simu karibu, siku yenye upepo. Kisha inasafishwa, draya mpya, oili mpya, vakyumu ndefu, 134 kwa mizani. Kwa sasa zima AC na utembee vioo wazi.

Mwalimu wa Viyoyozi

Nyongeza fupi kwa wenye magari mapya na hybrid, maana yameanza kujaa hata huko. Soma stika kabla ya kugusa. Ikiwa imeandikwa R-1234yf, hiyo ni gesi nyingine, inawaka kidogo, na midomo yake ya kujazia ni tofauti makusudi; msitafute adapta ya kulazimisha 134 iingie. Umoja wa Ulaya magari madogo mapya ya abiria hayaruhusiwi kutoka na 134 tangu 2017, kwa hiyo mitumba yake itatufikia. Na hybrid yenye kompresa ya umeme haipewi oili ya PAG ya kawaida, inapitisha umeme. Oili yake ni ya jamii ya POE, na geji na hosi zisiwe na mabaki ya ile nyingine.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Jamaa kauchukua mtungi wake, mbele ya mjumbe. Ameondoka kanuna.

Noah: povu limeonyesha leki kwenye bomba linalokwenda nyuma, linapopita chini ya sakafu pembeni ya tairi. Limeliwa na kutu ya matope, na o-ringi ya maungio imekauka. Gesi iliyobaki nimeivuta kwa barafu ya Kibirizi kama ulivyosema, mtungi wa kijivu nimeazimwa na fundi wa mafriji. Mwenye gari nimemwambia Ijumaa haiwezekani, kanielewa. Amesimama pembeni ya beseni la barafu akiuliza maswali kuliko mimi.

Stika inasema HFC134a, gramu zipo. Mizani nimeagiza Dar, inakuja kwa treni. Kuna kingine?

Geji Mbili (Tabora)

Bomba usilizibe kwa gundi wala ile dawa ya kuziba leki ya chupa, inaganda kwenye ekspansheni valvu. Badilisha kipande au peleka kwa mtu anayejua kuchomelea alumini. O-ringi zote mbili za maungio hayo ziwe mpya, za kijani za AC, uzipake oili ya kompresa kabla ya kufunga, si grisi. Draya mpya kwa sababu mfumo umefunguliwa. Oili iliyotoka pima kwenye chupa, urudishe kiasi hichohicho.

Mizani ikifika usiiamini kwa sababu ni mpya. Weka juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja uone inasema nini. Sukari ya pakiti ya kiwandani lakini, si ya kupimiwa dukani.